Maswali yenu mwezi huu: Seli za rangi na joto, nani anamuua nani?

Mwezi uliopita nilizigusia seli za jua zinazotumia rangi, mistari kama sita hivi tu, nikasema ugonjwa wake mkubwa ni joto la muda mrefu, afu nikapita. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi mpaka nimeona bora toleo hili zima liwe la hiyo mada.

Kwa ambao hamkuwepo: hii ni seli ambayo kazi ya kunasa mwanga haifanywi na silikoni, inafanywa na rangi, yaani molekuli zilizojishika juu ya chembechembe ndogo sana za titani dioksaidi, ile ile poda nyeupe ya kwenye rangi za ukuta na dawa ya meno. Mwanga ukigonga rangi, rangi inaachia elektroni, titani inaipokea, elektroni inatoka nje kwenye waya kufanya kazi yake, inarudi upande wa pili kwenye platinamu, na huko kuna kimiminika chenye ayodini (ndo kinaitwa elektroliti) kinachoibeba na kuirudisha kwa rangi. Mzunguko umekamilika. Brian O'Regan na Michael Grätzel ndo walioishtua dunia na kitu hiki mwaka 1991 kule Lausanne, Uswisi, walipogeuza zaidi ya asilimia 7 ya nguvu ya mwanga kuwa umeme. Shida ndo hiyo mnayoiona wenyewe: ndani kuna kimiminika, na kimiminika na joto ni majirani wasiopatana.

Haya tuanze.

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho, nasoma kemia. Nimetengeneza seli 6 kwa rangi ya N719, elektroliti ni ayodini ndani ya asetonitrili, nimeziba kwa ule utepe wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto. Siku ya kwanza zilikuwa poa, asilimia 6 na kitu. Nimeziweka kwenye oveni digrii 85, gizani, siku ya nne mbili zimekufa kabisa na nne zimebaki nusu. Rangi bado nyekundu vizuri tu. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Kwenye kutengeneza hujakosea, umekosea kwenye kupika. Asetonitrili inachemka digrii 82. We umeiweka 85. Yaani siku nne zote hizo ulikuwa huangalii seli inavyozeeka, ulikuwa unaangalia sufuria inachemka, na hiyo sufuria umeifunika kwa nini? Kwa plastiki ambayo yenyewe inaanza kuyeyuka kwenye digrii 90 na kitu, kwa hiyo kwenye 85 ilishalegea kama nta, mvuke unasukuma kutoka ndani, plastiki inasogea kidogo kidogo, mwisho wa siku njia inapatikana.

Najua kwa sababu mi mwenyewe nilishafanya hivyo hivyo. Niliweka seli Ijumaa jioni nikaenda zangu, Jumatatu nafungua oveni nakuta kwenye kona, pale pale karibu na tundu la kujazia, kuna kapovu kama punje ya dengu. Nikajisemea kapovu kadogo hakana neno. Alhamisi kale kapovu kalikuwa kameshafika katikati ya seli, na popote kalipopita hakuna umeme, rangi ipo, titani ipo, ila hakuna wa kurudisha elektroni. Ndo maana na wewe unaona wekundu bado upo na seli imekufa. Rangi ni kama abiria aliyebaki kituoni, basi ndo limeondoka.

Sasa kabla hujatupa hizo nne zilizobaki, zipime uzito. Usicheke. Seli ya sentimita moja ya mraba ina kimiminika miligramu chache tu, kwa hiyo unahitaji mizani inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya miligramu, na chuo chochote chenye maabara ya kemia kinayo. Pima kabla ya oveni, pima baada, ziache zipoe kwanza, na weka pembeni seli moja tupu iliyozibwa vile vile bila kimiminika, maana hata plastiki yenyewe inanyonya na kutoa unyevu ikakudanganya. Uzito ukishuka, mgonjwa wako ni kuziba. Uzito usiposhuka na nguvu imeshuka, basi ni kemia ya ndani, na hapo kuna mambo.

Jambo la ndani ambalo N719 inajulikana nalo ni hili. Molekuli yake ina rutheni katikati, ni aina ya metali, na rutheni imeshikiliwa na mikono kadhaa, miwili kati ya hiyo ni thayosayaneti. Hiyo mikono miwili ndo dhaifu. Ukiipasha joto kwa muda mrefu kwenye digrii 80 na kupanda, thayosayaneti inaachia, na nafasi yake inakaliwa na kitu kilichokuwa karibu, mara nyingi ni ile tat-butilipiridini ambayo wewe mwenyewe umeimwaga kwenye elektroliti ili kupandisha volti. Si umeiweka? Kila mtu anaiweka. Basi dawa ya kupandisha volti ndo hiyo inayokula rangi taratibu. Rangi iliyobadilishwa mkono haiwi nyeupe, inabaki na wekundu ila inanasa mwanga pungufu kuliko mwanzo na kazi inaifanya vibaya, kwa jicho huwezi kujua.

Rudia hivi. Toa asetonitrili, weka methoksipropionitrili ambayo inachemka karibu digrii 165, utapoteza kidogo siku ya kwanza kwa sababu ni nzito zaidi na ayodini inatembea polepole, kubali. Toa ile tat-butilipiridini, weka methilibenzimidazoli, ni mtulivu zaidi kwenye joto. Ongeza chumvi kidogo ya thayosayaneti kwenye elektroliti, ili mkono ukichomoka uwepo mwingine wa aina ile ile wa kuchukua nafasi. Na kama unaweza kupata rangi ya Z907 tumia hiyo, ina mikia miwili mirefu ya kaboni tisa tisa inayofukuza maji, kwa hiyo rangi haing'oki kirahisi kwenye titani. Hii si hadithi, mwaka 2003 kundi la Grätzel lilitumia Z907 pamoja na elektroliti iliyogandishwa kama jeli, wakaiweka digrii 80 kwa saa 1000, ikabaki na asilimia 94 ya nguvu yake ya mwanzo. Ilianza na asilimia 6 na kidogo tu, hazifiki rekodi, lakini hiyo 6 ilikaa. Mi ningechukua 6 inayokaa kuliko 11 ya siku moja, na hapo nagombana na watu wengi.

Mbona mnatuchanganya? Toleo lile la zamani mliandika kwamba paneli za silikoni ndo zinaumia na joto na seli za rangi hazijali, sasa leo joto linaziua. Tushike lipi?

Shika yote mawili, ni mambo tofauti ila yanaitwa jina moja. Paneli ya silikoni ikipata joto inapoteza kama asilimia 0.4 kwa kila digrii moja, ikipoa inarudisha yote, haijaumia, imechoka tu. Seli ya rangi volti yake nayo inashuka ikipata joto, ila wakati huo huo kimiminika kinakuwa chepesi, ayodini inakimbia haraka, mkondo unasaidika, kwa hiyo jumla inayumba kidogo sana. Hapo ndo sifa ile ilipotoka na ni ya kweli kabisa. Lakini ile ni habari ya mchana mmoja. Habari ya miaka ni nyingine, huko hakuna kurudi ikipoa, kilichovuja kimevuja na mkono uliochomoka umechomoka. Silikoni kwenye hilo la pili ni jiwe. Kwa kifupi silikoni inalalamika kila siku ila haifi, seli ya rangi hailalamiki, siku moja unaikuta imelala.

Naona ripoti nyingi zinasema "imedumu saa 1000 kwenye digrii 85". Hizo ni sawa na miaka mingapi nje? Muuzaji mmoja aliniambia 20.

Saa 1000 ni siku 41 na kitu, tuanze na hapo. Hiyo namba haikutoka hewani, ndo inayotumika kwenye vipimo vya kimataifa vya paneli, digrii 85 na unyevu asilimia 85 kwa saa 1000, pamoja na kile kingine cha kuipeleka kutoka digrii 40 chini ya sifuri mpaka 85 mara 200. Ila vipimo hivyo vilitungwa kukamata kasoro za paneli za kawaida. Kuvigeuza viwe miaka ni kazi nyingine, na ndo hapo watu wanapopigwa.

Angalia hesabu. Kuna kanuni ya kienyeji ya wanakemia, kwamba mmenyuko unaongezeka kasi mara mbili kwa kila digrii 10. Tuseme seli yako nje juani inakaa digrii 45, na oveni ni 85, tofauti ni 40, kwa hiyo mbili mara mbili mara mbili mara mbili, 16. Saa 1000 za oveni zinakuwa saa 16,000 za nje. Jua kali lipo kama saa 8 kwa siku, gawanya, unapata siku 2,000, miaka mitano na nusu. Sio 20. Na sasa tuchukue kwamba huo mmenyuko wako hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara moja na nusu tu kwa kila digrii 10. Inakuwa mara 5 badala ya 16, na ile miaka mitano na nusu inageuka mwaka mmoja na miezi tisa hivi. Umeona? Nimegusa namba moja tu, na hiyo namba mtu hawezi kuijua bila kupima kwenye joto tofauti tofauti, angalau matatu, afu aone mstari unakaa vipi. Muuzaji aliyepima joto moja tu akakwambia 20, muulize hiyo namba ya kasi aliipata wapi.

Afu kanuni yenyewe inafanya kazi kama kinachoua kwenye 85 ndo hicho hicho kinachoua kwenye 45. Kama kwenye 85 plastiki imelegea na kwenye 45 ni ngumu, ulichopima ni kingine kabisa, rejea swali la kwanza. Na oveni ni giza. Nje kuna mwanga wa urujuanimno, na titani dioksaidi inaunasa ule wenye mawimbi mafupi chini ya nanomita 390 hivi na kuanza kuchokoza vitu vya jirani, kwa hiyo lazima kuwe na kichujio mbele, na lazima kuwe na kipimo kingine cha mwanga na joto kwa pamoja, wengi wanatumia digrii 60 chini ya mwanga wa jua kamili. Ripoti yenye kimoja bila kingine isome kama nusu ripoti.

Ila nitende haki, mwanga wenyewe sio adui wa rangi kama watu wanavyodhani. Ili ifike miaka 20 molekuli moja ya rangi inatakiwa kuachia na kupokea elektroni kama mara milioni 100, na rangi nzuri za rutheni zinaweza huo mchezo mradi ayodini iwahi kurudisha elektroni. Rangi inaoza pale inapokaa bila elektroni muda mrefu. Kwa hiyo tunarudi kwenye kimiminika.

Sina mashine ya impidansi, ile inayopima ukinzani wa kila sehemu ya seli. Nina chanzo cha mwanga na multimita nzuri inayochora mkunjo wa mkondo na volti. Nitajuaje kilichokufa ni nini?

Unaweza kujua mengi, wala usijinyime usingizi. Linganisha mkunjo wa kabla na wa baada. Volti imeshuka na mkondo upo pale pale? Angalia titani na vile viongezeo, mara nyingi ni vitu vilivyokuwa vimeufunika uso wa titani vimeondoka. Mkunjo umekuwa mlalo kama mteremko badala ya kona? Hapo kuna ukinzani umeongezeka, shuku platinamu au viunganishi. Mkondo ndo umeshuka? Hapo kuna watuhumiwa wawili, rangi au ayodini, na unawatenganisha hivi: pima mkondo kwenye mwanga kamili, afu weka wavu mweusi unaokata mwanga nusu upime tena. Rangi ikiwa ndo mgonjwa, mwanga nusu unatoa mkondo nusu, sawasawa. Lakini ukikuta mwanga kamili unatoa mkondo karibu sawa na ule wa nusu, umegonga dari, yaani ayodini iliyobaki haitoshi kubeba, hata ungewasha majua mawili.

Na usidharau jicho. Kuna ka-nafasi kembamba kati ya mwisho wa rangi na mwanzo wa plastiki ya kuzibia, pale kimiminika kinaonekana chenyewe bila wekundu wa rangi. Kipya ni cha njano inayoelekea kahawia. Shika seli juu ya karatasi nyeupe, ukiona pale pamekuwa peupe kama maji, ayodini imeisha, hata kama hakuna tone lililovuja. Nimeona seli zilizojaa mpaka juu, hazina kapovu hata kamoja, na ni nyeupe pee. Zilikufa zikiwa zimeshiba.

Watoto wa darasani kwangu wametengeneza seli kwa rangi ya ua la rosela, ilifanya kazi, juani ikafa siku ya tatu. Tufanyeje idumu?

Msifanye kitu, tengenezeni nyingine. Rangi za maua zinashika titani vizuri ndo maana inawaka, ila hazina uvumilivu wa joto na mwanga, na mmeibana kwa klipu tu bila kuziba, kwa hiyo siku tatu ni nyingi mno, hongereni. Mkitaka iwe somo, tengenezeni mbili, moja ikae kivulini moja juani, watoto wachore grafu.

Si waitoe tu hiyo maji maji ndani? Kwa nini wanang'ang'ana nayo miaka yote hii?

Walishajaribu ndugu yangu, na historia yake ni tamu. Mwaka 1998 kundi hilo hilo la Uswisi liliweka kitu kigumu badala ya kimiminika, molekuli inaitwa spiro-OMeTAD. Haivuji, kweli, ila haiingii vizuri kwenye vitundu vya titani, na ili ipitishe umeme inabidi uichanganye na chumvi ya lithiamu ambayo inapenda maji kama sifongo, na kwenye joto mchanganyiko unalegea. Tatizo limehama chumba, halijahama nyumba. Wengine wakaenda kwenye chumvi zilizo kimiminika zenyewe bila kiyeyusho, hazina mvuke wa kusema, na mwaka 2008 zikafika asilimia 8.2. Hizo mi nazikubali zaidi kwa habari ya joto, ubaya wake ni uzito, ayodini inatembea kama mtu kwenye tope.

Afu mwaka 2009 kule Japani kundi la Miyasaka likachukua seli ya aina hii hii, likatoa rangi likaweka peroviskaiti, aina ya fuwele inayonasa mwanga, asilimia 3.8 tu na kimiminika kikawa kinaiyeyusha, ila ndo mlango ulipofunguka na watafiti wengi wakahamia huko. Baadhi ya waliobaki wakahamia kwenye kopa, yaani shaba, badala ya ayodini. Hapo pana kisa kimoja nakipenda: mwaka 2015 watu waliacha seli zao za kopa zikauke taratibu, wakategemea zife, kumbe kopa ilibaki imeganda ndani na seli zikaendelea kutoa umeme, asilimia 8.2. Wakaziita seli za zombi. Yaani ugonjwa uliomuua mwanafunzi wetu wa kwanza, hawa umewapa seli ngumu bila kujua. Mwaka 2017 kopa hiyo hiyo ikafika asilimia 28.9 chini ya mwanga wa ndani wa luksi 1000, na ndo maana siku hizi utaziona zaidi kwenye vifaa vya ndani, vihisio na vipokea sauti vya kichwani, kuliko juu ya paa. Ndani hakuna digrii 85. Nje zipo, jengo la mikutano la SwissTech kule Lausanne lina ukuta wa vioo vya rangi vya mita za mraba 300 tangu 2014, ila angalia, ni ukuta uliosimama, sio paa jeusi.

Nimejaribu kubwa, sentimita 10 kwa 10, nikachora mistari ya fedha juu ya kioo kukusanya umeme. Baada ya wiki mbili za joto mistari imekatika katika kama imeliwa na mchwa. Fedha mbaya au?

Fedha nzuri, mchwa ni ayodini. Inakula fedha, inakula shaba, na joto linaongeza hamu ya kula. Kioo chako kina bati oksaidi ambayo haina shida, platinamu nayo inavumilia, ila fedha lazima ifunikwe pote, na kufunika kwa ule utepe wa plastiki ni kuahirisha tu, kona moja ikiachia mstari mzima umeenda.

Wanaofanya kwa umakini wanafunika na kuziba kwa unga wa kioo, wanauchapa kama wino, afu wanauyeyusha kwenye tanuru kwa digrii mia kadhaa. Sasa hapo ndo utamu: rangi haiwezi kuvumilia tanuru, kwa hiyo wanaziba kwanza seli ikiwa tupu na nyeupe, afu wanapitisha rangi ndani kwa vitundu viwili, inaingia huku inatokea kule mpaka titani inakuwa nyekundu, wanaisafisha kwa njia hiyo hiyo, ndo wanajaza elektroliti mwisho. Seli inakuwa kioo kwa kioo, pande zote nne. Kinachobaki ni vile vitundu viwili, na wengi wakifika pale wameshachoka wanaweka tone la gundi ya epoksi wanakwenda kulala. Viwekee kipande cha kioo juu, na uanze kukagua hapo hapo kila ukifungua oveni, maana kapovu kangu mimi kalianzia pale.